Ubongo ukiumia, je, tabia nayo hubadilika?

SWALI: Kaka yangu alianguka na bodaboda mwaka jana akaumia kichwa. Kidonda kimepona, anatembea na kuzungumza vizuri, lakini yeye aliyekuwa mpole sasa hutukana hata mbele ya mama kwa sababu ya chai kuchelewa. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni kiburi. Saikolojia inasemaje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, poleni. Wanasaikolojia wa mkabala wa kibiolojia huitafuta asili ya tabia katika ubongo, homoni na jeni, na kisa wasichochoka kukisimulia kinafanana na chenu. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, jimbo la Vermont nchini Marekani, Phineas Gage, msimamizi wa wajenzi wa reli, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba ilipolipuka, na mtaimbo wenye urefu unaozidi mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi ukamwingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Hakufa, alirudishwa mjini akiwa ameketi kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba mtu yule makini alikuwa amegeuka kigeugeu mwenye matusi, hata rafiki zake wakasema huyu si Gage tena.

Palipoumia ni sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia: hasira inapopanda, ndiyo inayotukumbusha kwamba mama yupo. Ikidhurika, hasira haiongezeki lazima, ila kizuizi chake hulegea.

Vitabu vingi humwacha Gage hapo, jambo ambalo sioni kuwa ni haki, kwa kuwa baadaye alikwenda Chile akaendesha magari ya abiria yanayokokotwa na farasi kwa miaka kadhaa, kazi isiyomfaa mtu asiyejizuia. Wapo watafiti wanaoamini kwamba ratiba ile isiyobadilika ndiyo iliyomsaidia kutengemaa.

Sijamwona kaka yako, hivyo siwezi kusema kilichoumia. Mpelekeni hospitali ya rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mweleze ajali pamoja na tabia ya zamani na ya sasa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi haoni kwamba amebadilika. Nyumbani, andikeni saa anazofoka. Huenda mkagundua ni pale anapokuwa na njaa, amechoka, au redio ikipiga kelele.