Jeshi kweli hakuna, lakini usiuze kiwanja

Mdogo wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Eti huko Uvira, Kongo, wanasema mimi yaya wako, mkubwa wako, nimefika nchi isiyo na jeshi, basi kiwanja cha baba kiuzwe unifuate Costa Rica. Nani anawadanganya?

Jeshi kweli hakuna. Mwaka 1948 walipigana wao kwa wao kama wiki sita kwa sababu ya uchaguzi, halafu José Figueres aliyeshinda vita hivyo akashika nyundo, akapiga ukuta wa kambi mbele ya watu. Tarehe 1 Desemba, jeshi likafutwa. Kambi ile leo ni makumbusho. Nilikwenda, nikatia kidole kwenye tundu la risasi ukutani, nikalia. Sikufichi. Na rais huku miaka 4 ikiisha anaondoka, hagombei tena papo hapo. Hilo nalo msimulie mjomba, acheke.

Lakini polisi wapo, nao wanaulizia karatasi. Mwaka wa tatu huu naomba ukimbizi. Fomu inataka anwani, na huku watu wanaelekezana kwa mita: mita 200 kusini mwa kanisa, mita 75 kutoka ulipokuwa mti. Ulipokuwa! Mti wangu ulikatwa zamani. Tarehe ya mahojiano inasogezwa, nami nachuma kahawa, nalipwa kwa kikapu.

Kule Limón, kwa weusi wenzetu wanaopika wali na maharage kwa nazi, mzee mmoja alitaka kunifariji. Babu yake alitoka Jamaika kujenga reli. Baba yake alizaliwa hapohapo, na uraia akaupata baada ya 1949, mtu mzima mwenye watoto. "Subira," akaniambia. Chakula kikanishinda.

Kwa hiyo usije. Kihispania jifunze hata hivyo, Kifaransa chako huku hakinunui hata mkate. Zile dola 50 ni za dawa ya mama, ukizifanya nauli nitajua. Msitu wa Darién, ule wa kati ya Kolombia na Panama, usiniulize.

Ila milio ya risasi ikifika mtaani kwenu, sahau yote niliyosema. Mchukue mama, vukeni Burundi kwanza, halafu nipigie. Saa nne usiku kwenu, huku ni saa nane mchana. Nitakuwa kahawani, simu mfukoni.