Kozi ya chupa sita za kisukari: mauzo yanafanyika wapi, na ufanye nini na parseli

Mwenzetu wa Kisumu ameuliza kuhusu mama yake aliye Vihiga. Mama ana kisukari, aliona tangazo Facebook, akaacha nambari, akapigiwa. Ametuma amana kwa M-Pesa na sasa chupa sita zinamngoja katika ofisi ya mabasi Chavakali, salio alipe akichukua. Ameambiwa aache vidonge vya hospitali ili "dawa zisigombane". Swali: ni dawa ya kweli, na avisimamishe vidonge?

Nianze na la pili kwa sababu haliwezi kungoja. Asiache hata kidonge kimoja. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kuwa mahututi ndani ya siku chache. Kwa anayetumia metformini, kidonge cha kawaida cha kushusha sukari, sukari inaweza kupanda polepole, na ubaya uko hapo hapo: wiki kadhaa atajiona mzima, muuzaji atasema chupa zimefanya kazi, huku macho na figo vinaendelea kuumia.

Sasa biashara yenyewe. Wengi hutafuta uongo kwenye tangazo, na kweli upo: video ya daktari maarufu iliyochezewa sauti, nembo ya kituo cha runinga, saa inayohesabu kurudi nyuma (fungua ukurasa upya, inaanza tena pale pale), "zimesalia chupa 7" leo na wiki ijayo, maoni ya kina Nekesa na Akinyi ambayo ukiyabofya hayaendi kokote. Lakini ukurasa ule kazi yake ni moja tu, kupata nambari ya simu. Ndiyo maana fomu ina nafasi mbili, jina na nambari, na bei kamili haionekani.

Mauzo yanafanyika kwenye simu. Anayepiga hujiita daktari au mshauri wa afya, na haanzi na bei. Anauliza umri, kisukari kimeanza lini, miguu inakufa ganzi, usiku unaamka mara ngapi kukojoa. Halafu anauliza unaishi na nani, na nani anakununulia dawa. Hayo mawili hayana tiba ndani yake. Anapima kama kuna mtu nyumbani wa kumkatiza na kama kuna mtoto anayetuma pesa. Baada ya hapo chupa moja ya tangazo inakuwa "haitoshi kwa hali yako", kozi ni nne au sita, na punguzo "nimekuombea kwa mkubwa wangu, mwisho leo saa kumi". Ndipo amana inapoombwa. Amana hiyo inamfanya mama aone kwamba akikataa parseli atakuwa amepoteza pesa, kwa hiyo anaongeza nyingine.

Siku chache baada ya kuanza kumeza, simu inarudi. Mama akisema anaharisha au anaumwa kichwa, jibu ni "sumu zinatoka". Akisema haoni tofauti, jibu ni "mwili umechafuka sana, ongeza kozi". Akisema yuko nafuu, "usikatize sasa". Majibu yote matatu yanaishia kwenye chupa nyingine.

Ukiipata chupa mkononi, soma lebo kwa hesabu. Kapsuli ya saizi 0 hubeba takriban miligramu 500 za unga, ya 00 takriban 700, kutegemea unga umeshindiliwa vipi. Lebo ikidai miligramu 6,000 kwa kapsuli mbili, unga huo hauwezi kuingia. Mara nyingi wamehesabu uzito wa majani kabla ya kukamuliwa: miligramu 300 za dondoo ya 10 kwa 1 (kilo kumi za majani zimekamuliwa kuwa kilo moja) zinaandikwa 3,000 kwa herufi kubwa mbele, na ukweli uko nyuma kwa herufi ndogo, ukiwepo. Ujanja wa pili ni "mchanganyiko maalumu": viungo kumi na mbili vimetajwa, uzito mmoja wa jumla, hujui kila kimoja ni kiasi gani. Kinaweza kuwa unga wa mchele na punje ya mdalasini.

Kuhusu mihuri. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haiidhinishi virutubisho kabla ya kuuzwa, na haitoi cheti cha usajili wa kiwanda. "FDA approved" kwenye chupa ya aina hii ni uongo moja kwa moja. ISO 9001 inahusu uendeshaji wa kampuni, si kama kidonge kinafanya kazi. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, unaweza kuihakiki: tuma SM#, kisha nambari ya kibali bila nafasi, kwenda 20023, uone kama jina la bidhaa na la kampuni yanalingana na chupa. Lakini hata kikilingana, kibali hicho hakisemi kwamba bidhaa inatibu kisukari. Anayedai kutibu ugonjwa anahitaji usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Mwombe muuzaji nambari ya usajili kwa maandishi, uitafute kwenye orodha ya bodi. Wengi hapo hukata simu.

Kinachonitia hofu zaidi si chupa yenye unga wa mchele. Ni chupa inayofanya kazi haraka. "Mitishamba" ya kisukari imewahi kukutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani: ya kisukari na glibenklamaidi au metformini, zote za kushusha sukari, ya maumivu ya viungo vya mwili na deksamethasoni au diklofenaki, ya kupunguza unene na sibutramini iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010, ya nguvu za kiume na sildenafili, ambayo kwa mzee anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti huangusha presha kwa hatari. Mama akimeza glibenklamaidi iliyofichwa juu ya vidonge vyake, kisha akachelewa kula, sukari inaweza kushuka chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo: jasho, kutetemeka, maneno kuchanganyika. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia ikiwa bado iko chini, kisha hospitali na chupa mkononi. Akishindwa kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize. Asiachwe peke yake hata akizinduka, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuishusha tena saa kadhaa baadaye.

Parseli: msiichukue, msilipe salio. Kuiacha ofisini si kosa. Amana ni ngumu kurudi. Kupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 ya Safaricom kuliwekwa kwa aliyekosea nambari, na pesa ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Jaribuni siku hiyo hiyo. Hifadhini ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mpokeaji, picha za skrini za tangazo, nambari zote zilizopiga, na stakabadhi ya parseli. Malalamiko ya udanganyifu yaende Mamlaka ya Ushindani (CAK), ya bidhaa yenyewe kwa PPB. Kama zilishamezwa na zikamdhuru, mhudumu wa afya ajaze fomu ya manjano ya PPB. Ya waridi ni ya bidhaa yenye ubora wa kutiliwa shaka. Tangazo litafuteni kwenye Maktaba ya Matangazo ya Facebook kwa jina la ukurasa: utaona lilianza lini, na mara nyingi ukurasa huo huo unauza pia dawa ya tezi dume na ya fibroidi.

Msimkaripie mama. Amekuwa akipigiwa na mtu anayemuuliza kuhusu miguu yake kila siku mbili. Nyinyi muulizeni pia. Mpelekeni kliniki akapimwe HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Ushuhuda wa "siku 14 nimepona" hauwezi kukigusa.

Na nambari yake imeshaingia kwenye orodha. Atakayepiga baadaye atajitambulisha kama ofisi ya kurejesha pesa za waliotapeliwa, atataja kiasi kamili alichotuma, kisha ataomba ada ndogo ya kushughulikia. Mwambieni mapema, kabla simu hiyo haijaingia.