Maji ya pafu na sindano ya mgongoni

SWALI: Assalamu alaykum. Babangu, miaka 62, anakohoa wiki ya tano sasa, na akilala chali pumzi humkata. Eksirei imeonyesha maji upande wa kulia, na daktari ataka kumdunga sindano mgongoni. Huku kwetu wasema anayetolewa maji ya pafu harudi nyumbani. Tukubali?
Binti, Faza, Lamu

JIBU: Waalaykumu salaam, dada. Kubalini. Mara nyingi kinachoua ni ugonjwa ulioyaleta maji, si sindano.

Maji hayo hayamo ndani ya pafu. Yako kati ya tando mbili, moja imelifunika pafu, nyingine imeshikamana na mbavu, ndiyo maana dawa ya kikohozi haiyafikii. Baba ataketi ameinamia meza yenye mto. Altrasaundi huonyesha pa kudunga, kisha huchomwa ganzi. Sindano hupitishwa juu tu ya ubavu, kwa kuwa mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Kikohozi kikimjia, aseme mapema.

Kwa kupima, mililita 50 zatosha. Kwa kumpa nafuu ya pumzi hutolewa polepole, kwa kawaida yasizidi lita moja na nusu kwa mara moja. Pafu lililobanwa siku nyingi likikunjuka ghafla huweza kujaa maji lenyewe. Kifua kikianza kumbana, daktari husimamisha hata kama mengine yamebaki. Msimlaumu.

Ulizeni maji yanapimwa nini, maana wengi hutazama rangi tu. Protini ikiwa kidogo, hushukiwa moyo, ini au figo; ikiwa nyingi, TB, nimonia au saratani. Yakiwa usaha, huwekewa mpira wa kuyatoa. Na kwa TB ya tando za pafu vijidudu huwa vichache mno majini, kwa hivyo GeneXpert, kipimo cha vijidudu vya TB, ikisema hakuna, shaka haijaisha. Makohozi nayo yapimwe.

Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, semeni kabla, wala asiiache bila kuambiwa.

Hatari kubwa baadaye ni hewa kuingia kati ya tando na pafu kusinyaa: maumivu makali ya ghafla, pumzi fupi. Usiku huo asipande boti kurudi Faza, alale Amu, mjini Lamu, karibu na hospitali. Akipewa rufaa ya ndege kutoka Manda, eksirei nyingine ipigwe kwanza.