Picha Arobaini, PDF Moja: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepiga kwa simu picha za kurasa 40 za daftari la mahudhurio, nikazihamishia kwenye kompyuta yenye Ubuntu. Nikiandika `convert *.jpg daftari.pdf`, kompyuta inahangaika weee, kisha inaleta "cache resources exhausted". Nilipojaribu kurasa 12 tu ilikubali, lakini ukurasa wa 10 ulikaa baada ya wa 1. Nimekosea wapi? – Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni chombo ulichochagua. `convert` ni agizo la programu iitwayo ImageMagick, ambayo hufungua kila picha, huitandaza yote kwenye kumbukumbu, ndipo huibana upya. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12, na toleo la 6 hutumia baiti 8 kwa kila pikseli. Faili ya megabaiti 3 basi inageuka megabaiti 96; zidisha kwa 40 upate karibu gigabaiti 3.8. Ubuntu imeiwekea programu hiyo kikomo cha kumbukumbu cha megabaiti 256 hivi na diski gigabaiti 1 hivi, kwa hiyo inasalimu amri. Wengi hukimbilia kuongeza kikomo. Hakuna haja: PDF inaweza kubeba JPEG kama ilivyo, bila kuipika upya, na programu nyingine, img2pdf, hufanya hivyo hasa.

`sudo apt install img2pdf`

`img2pdf --pagesize A4 --auto-orient -o daftari.pdf *.jpg`

Zitaisha kwa sekunde chache, na ubora wa picha hautapungua hata chembe. Usiache `--pagesize A4`. Bila hiyo programu hufuata dpi (idadi ya nukta kwa kila inchi) iliyoandikwa ndani ya picha, na simu nyingi huandika 72. Upande wa pikseli 4000 kwa dpi 72 ni sentimita 141, ukubwa wa bango la barabarani.

La pili ni mpangilio. Terminali (dirisha unaloandikia maagizo) hupanga majina herufi kwa herufi, kwa hiyo 10.jpg hutangulia 2.jpg. Ama uzipe majina ya 01, 02, 03 tangu mwanzo, ama utumie hii, ambayo haivurugwi na nafasi zilizomo kwenye majina ya picha:

`printf '%s\0' *.jpg | sort -zV | xargs -0 img2pdf --pagesize A4 --auto-orient -o daftari.pdf`

Kumbuka img2pdf haipunguzi uzito: picha 40 za megabaiti 3 zitatoa PDF ya megabaiti 120. Kama faili inakwenda kwa barua pepe, zipunguze kwanza kwa mogrify, agizo jingine la ImageMagick:

`mkdir ndogo`

`mogrify -path ndogo -auto-orient -resize '1654x2339>' -quality 75 *.jpg`

Kisha ingia folda ya ndogo na uziunganishe kama hapo juu. Vipimo hivyo ni A4 kwa dpi 200, vinatosha kwa mwandiko wa kalamu. Ukisahau `-path ndogo`, mogrify itafuta picha zako halisi na kuweka zilizopunguzwa mahali pake, haiulizi. Ukisahau zile alama za kunukuu, terminali itadhani `>` ni agizo la kuandika faili, na utakuta faili ya ajabu iitwayo `-quality`. Watu hupendekeza pia `-colorspace Gray`, inayoondoa rangi na kubakiza kijivu. Kwa daftari ni sawa, lakini kwa barua yenye muhuri wa bluu, acha rangi ilivyo.

SWALI: Mimi naambiwa "not allowed by the security policy `PDF'". Hata kwa picha moja! – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hujaharibu kitu. Mwaka 2018 Ghostscript, ambayo ImageMagick huitumia kusoma PDF, ilikutwa na matundu ya usalama, na wasambazaji wa Linux wakafunga PDF kabisa. Fungua `/etc/ImageMagick-6/policy.xml` kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), tafuta mstari wenye `pattern="PDF"`, ubadilishe `rights="none"` uwe `rights="write"`. Mafunzo mengi hukwambia uweke `read|write`. Kutengeneza PDF hakuhitaji Ghostscript, kwa hiyo ruhusa ya kuandika inatosha na tundu linabaki limezibwa. Au tumia img2pdf, ambayo haiguswi na sheria hiyo.

SWALI: PDF yangu haitafutiki, nikiandika neno, hakuna kinachopatikana. – Karani, Bujumbura

JIBU: Kwa sababu ndani yake kuna picha tu. Sakinisha `ocrmypdf`, inayosoma maandishi yaliyo ndani ya picha, na `tesseract-ocr-swa`, ya lugha ya Kiswahili, kisha:

`ocrmypdf -l swa barua.pdf barua-maandishi.pdf`

Kama kuna Kifaransa pia, sakinisha `tesseract-ocr-fra` na uandike `-l swa+fra`. Maandishi ya mashine husomeka vizuri. Mwandiko wa mkono usiutegemee.