Maswali ya Wasomaji: Abasia ya Fontenay, kipi cha kale na kipi kilichotengenezwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mume wangu tunatarajia kusafiri kwenda Ufaransa, na tungependa kutenga siku moja kwa ajili ya Abasia ya Fontenay iliyoko Bourgogne. Rafiki yetu ametuvunja moyo kwa kusema kuwa monasteri hiyo ya Zama za Kati ilikarabatiwa juzijuzi tu, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwamba tutalipa kiingilio ili kutazama mfano wa abasia, si abasia yenyewe. Je, ni kweli?

JIBU: Rafiki yenu amepata nusu ya habari. Fontenay ilikarabatiwa kweli, kati ya mwaka 1906 na 1911, lakini sehemu kubwa ya kazi ile ilikuwa kubomoa, wala si kujenga. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1118 na Bernardo wa Clairvaux, mmonaki (yaani mtawa) mashuhuri wa shirika la Kikatoliki la Wasitoo (Cistercians), katika bonde lenye misitu na maji tele. Kanisa lake liliwekwa wakfu mwaka 1147 na Papa Eugenio III, ambaye naye alikuwa mmonaki wa shirika hilohilo. Wamonaki waliendelea kukaa humo mpaka Mapinduzi ya Ufaransa, serikali ilipotaifisha mali za Kanisa na kuziuza. Aliyeinunua abasia aliigeuza kuwa kiwanda cha karatasi, na mwaka 1820 kiwanda hicho kikaingia mikononi mwa Elie de Montgolfier, mtu wa ukoo uleule wa ndugu wawili walioyashangaza mataifa mwaka 1783 kwa kurusha puto la hewa moto.

Wageni wengi husikitika wakisikia habari za kiwanda, lakini kwa maoni yangu kiwanda ndicho kilichoiokoa Fontenay. Tazameni yaliyozipata abasia nyingine za eneo hilo na jirani zake. Kanisa kubwa la Cluny, ambalo kwa karne kadhaa halikuwa na mfano wake kwa ukubwa katika Ukristo wa magharibi, lilibomolewa na mawe yake yakauzwa, hata leo imebaki sehemu ndogo tu. Clairvaux, abasia ya Bernardo mwenyewe, iligeuzwa gereza na kanisa lake likabomolewa. Fontenay ilikuwa na bahati ya kuwa na faida kwa mwenyewe: mtengeneza karatasi alizihitaji kuta zile, aliyahitaji maji ya bonde, na zaidi ya yote alilihitaji paa, kwa kuwa hakuna mwenye kiwanda anayekubali mvua inyeshee karatasi zake.

Mwaka 1906 abasia ilinunuliwa na Édouard Aynard, mwenye benki wa Lyon na mpenzi wa sanaa, ambaye alikuwa ameoa katika ukoo huohuo wa Montgolfier. Aliamuru majengo yaliyoongezwa na kiwanda yaondolewe, na majengo ya wamonaki yakabaki yakionekana wazi kama yalivyokuwa. Kwa hiyo kanisa mtakaloliingia ni lile la karne ya 12, na vibaraza vya matao vinavyouzunguka ua wa ndani ni vya karne hiyohiyo. Paa la mbao za mwaloni lililo juu ya bweni ni la karne ya 15, maana la kwanza liliteketea kwa moto. Ukumbi wa kulia chakula msiutafute, kwani ulibomolewa katika karne ya 18, wakati wamonaki wenyewe wangali wakiishi humo. Kilicho kipya kabisa ni nyundo kubwa inayoendeshwa na gurudumu la maji katika karakana ya chuma, iliyoundwa upya mwaka 2008. Na bustani zenye nyasi zilizokatwa vizuri hazina uhusiano na mashamba ya mboga na dawa ambayo wamonaki wangeyatambua.

Lawama yangu kwa Aynard ni nyingine kabisa na ile ya rafiki yenu. Kwa kukifuta kiwanda, alifuta zaidi ya miaka 100 ya jasho la wafanyakazi, na mgeni asiyeambiwa huondoka akidhani kwamba wamonaki walihama jana na mtu akaja kufagia. Hata hivyo nikipewa kuchagua kati ya kuta hizi zilizosafishwa na lundo la mawe lenye kibao, sitasita. Nadhani hata shirika la UNESCO, lililoiingiza Fontenay katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lingesema vivyo hivyo.

SWALI: Nitakuwa na nusu siku tu. Nianzie wapi, na nifikeje huko kama sina gari?

JIBU: Panda treni ya mwendo kasi kutoka Paris hadi Montbard, safari ya takribani saa moja, kisha uchukue teksi, kwa kuwa abasia iko kilomita chache tu nje ya mji huo. Mwenye nguvu za miguu anaweza kwenda kwa baiskeli.

Ukifika, ingia kanisani kwanza, na uende asubuhi ukiweza. Kanisa lina urefu wa mita 66, halina mnara wa kengele wala michoro ukutani, na sakafu yake ni ya udongo ulioshindiliwa. Pande za juu za ukumbi wa kati hazina madirisha, hivyo mwanga huingia kutoka ncha zake mbili na kupitia vyumba vya pembeni, nao hutambaa polepole juu ya mawe kadiri jua linavyopanda. Wasitoo waliukataa urembo kwa makusudi, wakiamini kuwa sanamu na rangi humvuruga anayesali. Ukisimama katikati ya ukumbi ule utaona kwamba walichoacha kukitumia katika mapambo walikitumia katika vipimo. Hilo halikuwazuia kupokea fedha za watu: mapokeo yanasema Everard, aliyekuwa askofu wa Norwich nchini Uingereza, ndiye aliyegharamia ujenzi, na alizikwa humo.

Kutoka kanisani kuna ngazi inayopanda moja kwa moja hadi bwenini. Wamonaki walilala pamoja, katika chumba kisicho na moto, juu ya magodoro ya majani yaliyotandikwa sakafuni, na usiku wa manane walishuka kwa ngazi hiyo kwenda kusali. Ukiondoa jiko, palikuwa na mahali pamoja tu pa kuota moto, yaani chumba kidogo chenye meko mawili, na walionufaika nacho zaidi ni wale walionakili vitabu, kwa sababu wino ukiganda na vidole vikifa ganzi, kazi haiendi.

Sasa nakusihi usikate safari hapo, kama wafanyavyo wengi waliokwisha kuridhika na picha za ua wa ndani. Tembea hadi ukingoni mwa kijito, kwenye karakana. Ni jengo lenye urefu wa mita 53, na ni miongoni mwa viwanda vya chuma vya kale zaidi vilivyosalia Ulaya. Madini yalichimbwa katika kilima kilicho juu ya abasia, yakayeyushwa na kufuliwa hapohapo. Mkondo wa maji ulichepushwa upite kando ya ukuta, ukazungusha gurudumu. Gurudumu likazungusha mhimili wa mbao wenye meno, na kila jino lilipofika kwenye mpini wa nyundo liliukandamiza upande mmoja, kichwa kikainuka, jino likapita, kichwa kikaanguka kwa uzito wake juu ya chuma kilichowiva. Ukiikuta nyundo iliyoundwa upya ikifanya kazi, subiri ipige mara kadhaa na utazame jinsi mhimili unavyotikisika. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto iliwataka wamonaki waishi kwa kazi ya mikono yao, na karakana hii inaonyesha walivyolichukua agizo hilo kwa uzito, ingawa sehemu kubwa ya kazi nzito ilifanywa na mabradha walei, yaani ndugu wa shirika wasio wamonaki kamili, ambao walilala na kusali mbali na wamonaki wenyewe.

SWALI: Mimi ni Muislamu na huvaa hijabu. Je, kuna kizuizi chochote, au ibada ambayo nitalazimika kushiriki?

JIBU: Hakuna. Fontenay ni mali ya familia, hakuna wamonaki wanaoishi humo, na unaingia kama mgeni mwingine yeyote aliyekata tiketi. Mavazi yako ya heshima yanafaa kabisa. Inatosha kuzungumza kwa sauti ya chini ndani ya kanisa, jambo ambalo watu wa dini zote wanahitaji kukumbushwa.

SWALI: Mama yangu anasumbuliwa na magoti, lakini ndiye aliyetaka kwenda, tena anataka abasia ambayo wamonaki wangalimo na sala bado zinasikika. Tufanyeje?

JIBU: Kwa haja ya sala, Fontenay haitamfaa. Mpeleke Sénanque, katika eneo la Provence, abasia ya Wasitoo iliyoanzishwa mwaka 1148, ambako wamonaki bado wanaishi na kusali. Kwa kuwa ni nyumba ya watu, wageni wanatakiwa kunyamaza na kuvaa kwa staha, na huwezi kuzunguka unapotaka. Cîteaux nako, chimbuko la shirika lenyewe tangu mwaka 1098, wamonaki walirudi mwaka 1898 na bado wako, lakini majengo ya Zama za Kati yaliyosalia ni machache sana. Atakayekwenda huko aende kwa ajili ya watu, si kwa ajili ya mawe.

Kuhusu magoti, ikiwa bado mnataka kupita Fontenay, kanisa, ua na karakana viko chini, ila njia baina yao ni za changarawe na sakafu haziko sawasawa, kwa hiyo achukue mkongojo wake hata kama ameuzoea kuuacha hotelini. Bweni liko juu na ngazi yake ni ya mawe. Hilo amwachie mwanawe apande na kumsimulia. Mwende kati ya Mei na Septemba, kwa sababu wakati wa baridi mawe yale hayana huruma kwa viungo vinavyouma, na muulizie kwanza saa za kufungua kabla ya kukata tiketi ya treni.