Bei za zamani zinazong'ang'ania ndani ya WebView: usikimbilie "Futa data"

Mkuu, umesema mfumo wako wa mauzo unafunguka ndani ya programu ya Android kupitia WebView (kivinjari kinachokaa ndani ya programu), umebadilisha bei kwenye seva, vishikwambi vitatu vimepokea, viwili vimegoma, na kache ya Chrome (nakala za faili inazojiwekea) umeshaifuta mara nne. Hata ya tano haitasaidia. WebView ina injini moja na Chrome, ila kila programu ina stoo yake. Wewe umesafisha stoo ya jirani.

Sasa najua utakakokwenda: mipangilio ya programu yenyewe. Pale kuna kufuta akiba (yaani kache) na kuna kufuta data. Mimi nilimwelekeza keshia wa duka moja la jumla, kwa simu tu, afute data. Bei mpya zikaja kweli. Lakini mauzo ya Jumamosi nzima, yaliyokuwa yanasubiri intaneti irudi yatumwe, yakaenda na maji, kwa sababu IndexedDB na localStorage, hifadhi ambamo ukurasa huweka data zake kwenye kifaa, zinakaa humohumo. Jumatatu nikashinda na yule dada tunaingiza risiti moja moja kutoka kitabu cha nakala. Alikuwa bado anaandika kitabu kwa sababu mfumo wangu hakuuamini, na sikuwa na la kumjibu.

Kwa hiyo kwanza jua hilo faili la bei za zamani linatoka wapi. Tengeneza toleo lenye WebView.setWebContentsDebuggingEnabled(true), lisakinishe juu ya lililopo kwa saini ileile (ukiondoa la zamani kwanza, data inafutika). Chomeka kishikwambi kwa waya wa USB, kwenye kompyuta fungua chrome://inspect, ingia Network, tazama safu ya Size. Kwangu, bei.json (faili la bei) ilikuwa imeandikwa ServiceWorker badala ya idadi ya baiti, yaani imetolewa na skripti ya nyuma inayojiwekea faili na kuzigawa yenyewe. Ingesema disk cache, hiyo ni kache ya kawaida ya HTTP. Ukikuta baiti na bei bado ni ya zamani, kishikwambi hakina kosa, kamata seva.

Hapo kuna mtego ulionila nusu siku. Nilitia tiki kwenye Disable cache nikidhani nimezima kila kitu. Tiki ile inazima kache ya HTTP tu, tena wakati dirisha la ukaguzi liko wazi. Skripti ya nyuma, ile unayoisajili kwa navigator.serviceWorker.register, inaendelea kugawa faili zake kama kawaida. Ya kuipita hiyo iko Application, inaitwa Bypass for network.

Kwa nini viwili tu? Skripti mpya ikishapakuliwa hukaa foleni mpaka kurasa zote zinazotumia ya zamani zifungwe, na kupakia ukurasa upya peke yake hakutoshi. Kishikwambi cha kaunta hakifungwi, kinalala kwenye chaji na programu ikiwa wazi. Vile vitatu nadhani viliwahi kuzimika chaji.

Ikiwa ni kache ya HTTP, angalia kama seva inatuma Cache-Control, ile heda (maelezo yanayotangulia faili) inayosema faili lihifadhiwe vipi. Isipotuma, kivinjari hukisia chenyewe, mara nyingi asilimia 10 ya umri wa faili tangu lilipobadilishwa mwisho. Faili la siku 100 linaweza kuhesabiwa bichi kwa siku 10, na kila kifaa kinaanza kuhesabu siku kilipolichukua.

Nilichofanya: index.html na bei.json nikazipa no-cache. Jina linadanganya, maana yake ni "hifadhi, ila uliza seva kabla ya kutumia". La kukataza kuhifadhi ni no-store. Faili zenye alama ya toleo kwenye jina nikazipa max-age=31536000, immutable, yaani zitumike mwaka mzima bila kuuliza seva. Kwenye skripti, bei.json inatafutwa mtandaoni kwanza, ikikosekana ndipo ichukuliwe ya stoo. Kuna watakaokwambia uweke skipWaiting(), amri ya kuiruhusu skripti mpya iruke foleni, yaishe. Mimi siiachi ijiendeshe, maana skripti mpya inaweza kufuta faili za zamani huku keshia yuko katikati ya mauzo. Nimeweka kitufe, "Toleo jipya lipo, gusa hapa", kinachotokea kapu likiwa tupu na mauzo yote yameshatumwa.

Chomeka kimoja kati ya hivyo viwili, kisha weka hapa picha ya mstari wa bei.json na heda zake.