Babu anachanganya miaka ya msituni. Nimrekodi vipi?

SWALI: Babu alipigana upande wa Mau Mau, waliopinga ukoloni wa Waingereza, katika msitu wa Nyandarua, kisha akafungwa katika kambi ya kizuizi ya Manyani. Nikimrekodi kwa simu miaka inagongana, na tukifika kwa waliouawa ananyamaza. Nimsahihishe?
Mjukuu, Nyeri

JIBU: Usimsahihishe anapozungumza. Ukimkatiza mara mbili kwa ajili ya tarehe, ataanza kukupa anachodhani unataka kusikia. Iandike kando, umrudie siku nyingine kwa alama anazozijua mwenyewe: rika lake la tohara, msako wa Nairobi wa Aprili 1954, kiongozi wao Dedan Kimathi kukamatwa Oktoba 1956, vifo vya wafungwa katika kambi ya Hola Machi 1959. "Kimathi alipokamatwa ulikuwa wapi?" ni swali bora kuliko "mwaka gani?" Tarehe ikibaki na kosa, iache kwenye sauti, usahihishe pembeni tu. Kosa lenyewe linaonyesha tukio lipi ameliunganisha na lipi.

Muulize pia kama aliwahi kusimulia kwa mawakili. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya wadai 5,228, na kesi ile ilihusu mateso ya kizuizini. Aliyezoea kusimulia kwa ajili ya kesi huanzia alipokamatwa, na msitu wote unapotea. Mrudishe nyuma: shamba la nani, nani alimpeleka kula kiapo cha Mau Mau, chakula kiliwafikiaje.

Akinyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno. Mau Mau ilikuwa marufuku kisheria hadi 2003. Wengi wa iliowaua walikuwa Wakikuyu wenzao, na jamaa za homugadi, yaani walinzi Waafrika waliokuwa upande wa wakoloni, huenda ni majirani zenu. Kwa hiyo majirani na watoto wasiwepo. Usiulize "uliua?" Uliza usiku ule ulianzaje, mlikuwa wangapi. Akikataa, acha, na katika maandishi weka: ananyamaza, sekunde 20. Ukimya huo ni sehemu ya ushahidi wake.

Simu izimwe mtandao, ikae juu ya kitambaa, sentimita 30 hivi kutoka mdomoni. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Dakika 45 zinamtosha mzee. Aseme Kikuyu, unakili Kikuyu kwanza. Saa moja ya sauti hula saa sita au zaidi za kunakili. Weka nakala tatu mahali tofauti. Ruhusa yake irekodiwe kwa sauti yake mwenyewe, na majina aliyoyahusisha na mauaji uyafiche kabla hujamsikilizisha mtu mwingine.